Bastola mpya isiyopiga unapolenga: urekebishe mkono, risasi, vilengeo, au uirudishe dukani?

Mtu aliyesubiri leseni kwa muda mrefu, akanunua bastola mpya na kuipeleka uwanja wa shabaha kwa mara ya kwanza, hutarajia risasi ziende pale alipolenga. Mara nyingi haziendi. Matundu hujikusanya kushoto, au chini, au kushoto na chini kwa pamoja, na kabla hajamaliza magazini ya pili huwa amekwisha kupewa ushauri wa aina nne. Wa kwanza humwambia kosa ni la mkono wake, wa pili kwamba risasi alizonunua haziendani na bastola hiyo, wa tatu kwamba vilengeo, yaani vile vipande viwili vya kulengea vilivyo juu ya bastola, vimekaa upande, na wa nne kwamba ameuziwa mali mbovu na airudishe kesho asubuhi. Yeyote kati yao anaweza kuwa amesema kweli. Ugumu ni kwamba kila njia ina gharama yake, na anayeanza na njia isiyofaa anaweza kujifungia mlango wa kujua kosa lilikuwa wapi tangu mwanzo.

Ulinganisho huu unazihusu njia hizo nne, na umeandikwa kwa kumfikiria zaidi mwenye leseni wa Kenya au Tanzania. Jambo hilo lina maana yake. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, cheti cha mmiliki hutaja idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Nchini Tanzania umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ushauri wa kwamba upige risasi elfu moja na bastola utaizoea umetoka katika nchi ambako risasi hununuliwa kwa makasha, na haumsaidii mtu ambaye kila risasi anaihesabu. Kwa mfano wa vipimo nitatumia Glock 19 ya risasi za 9×19, yaani zenye kipenyo cha milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19, kwa sababu ni bastola inayofahamika sana na vipimo vyake viko wazi, lakini hoja zenyewe zinahusu bastola nyingi za aina hiyo, na pale ambapo rivolva hutofautiana nitasema.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeipima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni ushahidi, yaani dalili zipi kwenye karatasi ya shabaha zinamfanya mtu aichague njia hiyo badala ya nyingine. La pili ni kiasi cha badiliko, yaani njia hiyo inaweza kusogeza risasi kwa umbali gani. La tatu ni gharama, nikihesabu fedha, muda na risasi. La nne ni uwezekano wa kurudi nyuma, maana kuna matengenezo yanayoweza kutenguliwa kwa dakika tano na mengine yasiyotenguliwa kamwe. La tano ni mtu anayefaa. Nikiulizwa kigezo kipi kina uzito zaidi, nitataja cha nne: kati ya njia mbili zenye ushahidi unaolingana, busara ni kuanza na ile inayoweza kutenguliwa.

Jaribio linalotangulia uchaguzi wowote

Huwezi kulinganisha njia hizi bila kuwa na karatasi za kusoma, na karatasi nzuri hazipatikani kwa kupiga haraka haraka ukiwa umesimama. Safisha kwanza ndani ya mtutu, kwa kuwa bastola mpya mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuhifadhia. Weka shabaha mita 10, kaa kitini, na uegemeze mikono yako juu ya mfuko wa mchanga. Kinachoegemezwa ni mikono; bastola yenyewe haipaswi kugusa mfuko wala meza, kwa sababu chombo kikigusa kitu kigumu huruka kwa namna tofauti na kinavyoruka mkononi, na risasi huhama. Piga risasi tano kwa utulivu kwenye karatasi moja, pumzika, kisha rudia kwenye karatasi ya pili na ya tatu. Baada ya hapo, kwa utaratibu unaoruhusiwa na uwanja wenu, mwombe mtu mwenye uzoefu apige risasi tano kwa bastola ileile na risasi za boksi lilelile.

Unachosoma ni katikati ya kundi la matundu na ukubwa wa kundi hilo. Tundu moja lililopiga penyewe halithibitishi chochote, na tundu moja lililotoka nje halipaswi kufutwa hesabuni kwa sababu tu limekuaibisha. Kundi dogo lililohama, linalobaki palepale hata mtu wa pili anapopiga, linaelekeza kwenye vilengeo au risasi. Kundi linalohama pamoja na mpigaji linaelekeza kwenye mkono. Kundi linalokaa katikati ukiwa umeegemea, kisha likashuka kushoto mara tu unaposimama, ni la mkono pia, na hapo hakuna haja ya kumtafuta fundi. Matundu yaliyotawanyika bila umbo lolote kwa wapigaji wote wawili ni jambo zito zaidi, na nitalirudia katika njia ya nne.

Karatasi hizo ziandike tarehe, umbali na aina ya risasi, kisha uzihifadhi. Ukifika kwa muuzaji bila karatasi, mazungumzo yenu yatakuwa ya neno lako dhidi ya lake.

Njia ya kwanza: kurekebisha mkono

*Ushahidi.* Kwa anayetumia mkono wa kulia, kundi lililo chini kushoto, pana kiasi na lenye umbo la kunyooka kuelekea pembe hiyo, ndiyo dalili ya kawaida. Kwa wa mkono wa kushoto huwa chini kulia. Kinachotokea ni kwamba mtu, akijua kishindo kinakuja, huisukuma bastola mbele na chini kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla risasi haijatoka, na wakati huohuo vidole vyote vinabana pamoja na kile cha kufyatulia. Kifyatulio cha Glock huhitaji nguvu ya kilo 2.5 hivi, ilhali bastola yenyewe ikiwa tupu ina uzito wa gramu 600 hivi. Nguvu inayoivuta ni kama mara nne ya uzito wa chombo kinachotakiwa kutulia, kwa hiyo si ajabu kwamba chombo kinasogea.

Njia ya uhakika ya kulithibitisha hilo ni risasi bandia za mazoezi, zile zisizo na baruti wala kiwashio. Mwenzako anazichanganya na risasi za kweli ndani ya magazini bila wewe kujua mpangilio, nawe unapiga kama kawaida. Ikifika zamu ya risasi bandia, hakutakuwa na kishindo cha kuficha kosa, na kama mdomo wa bastola utainama, utauona mwenyewe ukiinama. Nimewaona watu waliobishana na kila mtu uwanjani wakinyamaza baada ya risasi bandia moja.

Kuhusu ile michoro ya duara iliyogawanywa vipande, inayodai kwamba kila upande risasi inakoelekea una kosa lake maalumu la kidole au kiganja, ningeitumia kwa tahadhari. Ilitokana na ulengaji wa mkono mmoja wa michezo ya zamani, na inachukulia kwamba vilengeo viko sawa, jambo ambalo hapa ndilo linalochunguzwa.

*Kiasi cha badiliko.* Ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani, na hesabu yake inafaa kueleweka kwa sababu tutaitumia tena. Kutoka kilengeo cha mbele hadi cha nyuma kwenye Glock 19 kuna milimita 153 hivi. Kilengeo cha mbele kikitoka katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma kwa milimita 1 tu, risasi itahama kwa milimita 65 kwenye mita 10. Lakini mikono yote miwili ikitikisika pamoja kwa milimita 1, vilengeo vikiwa bado vimepangana, risasi huhama kwa hiyo milimita 1 tu. Ndiyo maana mwalimu mzuri hajali sana mtetemo wa kawaida wa mikono, bali anajali sana kidole kinachovunja mpangilio wa vilengeo dakika ya mwisho.

*Gharama.* Fedha kidogo, muda mwingi. Kufyatua bila risasi nyumbani hakugharimu chochote, mradi chumba cha risasi kimekaguliwa kwa macho na kwa kidole, magazini imetolewa, risasi zote ziko chumba kingine cha nyumba, na ukuta unaolengwa unaweza kuzuia risasi. Bastola nyingi za kisasa za 9×19 huvumilia zoezi hilo; zile za risasi ndogo za .22 nyingi hazifai, kwa kuwa sindano ya kufyatulia inaweza kugonga ukingo wa chumba cha risasi na kuuharibu. Soma kitabu cha bastola yako kwanza. Mwalimu atalipwa, na kwa maoni yangu saa moja chini ya macho ya mtu anayejua inaokoa risasi nyingi.

Kuna jambo dogo linalosahaulika ambalo ni la vifaa lakini nalihesabu hapa. Tangu kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2010, Glock huja na migongo ya mpini ya kubadilishwa, na watengenezaji wengine wengi hufanya vivyo hivyo. Mpini ukiwa mnene kuliko kiganja, kidole hufika kwenye kifyatulio kwa ncha tu na kusukuma kando badala ya kuvuta nyuma. Migongo hiyo mara nyingi hulala kwenye boksi bila kuguswa, ilhali kuubadilisha mmoja ni kazi ya dakika chache.

*Kurudi nyuma.* Hakuna kinachoharibika. Hata kama baadaye itagundulika kwamba vilengeo navyo vilikuwa upande, mazoezi hayatakuwa yamepotea.

*Anayefaa.* Mmiliki mpya kabisa. Aliyetoka kwenye bastola nzito ya chuma akaingia kwenye nyepesi ya plastiki. Na yeyote ambaye mtu wa pili amepiga katikati kwa bastola yake. Haimfai mtu ambaye wapigaji wazuri wawili wamepiga palepale alipopiga yeye. Huyo akiambiwa aendelee kufanya mazoezi, atajifunza kosa la kufidia kosa.

Njia ya pili: kubadilisha risasi

*Ushahidi.* Kundi dogo, lililo sawa kwa upande wa kulia na kushoto, lakini liko juu au chini. Risasi za bastola kwa kawaida huhamisha kundi kwa wima. Mtu anayelalamika kwamba aina fulani inapiga kushoto anapaswa kutazama kwingine kwanza. Sababu ni kwamba bastola huanza kuinuka wakati risasi bado iko ndani ya mtutu. Muda huo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini unatosha. Risasi nzito na ya polepole hutoka wakati mdomo umeinuka zaidi, hivyo kwa umbali mfupi hupiga juu kuliko nyepesi na ya kasi. Wengi hutarajia kinyume chake.

*Kiasi cha badiliko.* Kwa 9×19, vichwa vya kawaida, yaani sehemu ya risasi inayotoka mtutuni, vina uzito wa greni 115, 124 na 147, sawa na gramu 7.5, 8.0 na 9.5 hivi. Tofauti kati ya aina hizo kwa kawaida ni sentimita chache kwenye mita 25, na kwenye mita 10 huenda usiione kabisa. Kwenye rivolva tofauti huwa kubwa zaidi: zile za .38 Special zenye vilengeo visivyosogea kwa desturi zilipangwa kwa kichwa cha greni 158, na ukitumia cha greni 110 au 125 utapiga chini, bila bastola wala mkono kuwa na kosa.

*Gharama.* Maboksi mawili au matatu ya aina tofauti, kama duka lina aina tofauti na kama cheti chako kinaruhusu. Katika miji mingi ya kwetu unanunua iliyopo, kwa hiyo kwa baadhi ya wasomaji njia hii ipo kwenye karatasi tu.

*Kurudi nyuma.* Hakuna tatizo.

*Anayefaa.* Mwenye rivolva, na mwenye bastola ya kujilinda ambaye hufanyia mazoezi risasi za bei nafuu kisha akabeba za aina nyingine. Huyu wa pili hana budi kujaribu angalau magazini moja ya zile anazozibeba, kwa sababu zaidi ya mahali zinapopiga, anatakiwa kujua kama bastola yake inazipokea bila kukwama.

Njia ya tatu: kusogeza au kubadilisha vilengeo

*Ushahidi.* Kundi dogo lililohama, wapigaji wawili au zaidi, mikono imeegemezwa, umbali unaojulikana. Kama kimojawapo cha hivyo hakipo, ushahidi haujatimia. Tazama pia kwa macho: kilengeo cha nyuma kikiwa kimekaa waziwazi upande mmoja wa slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma inapopiga, au cha mbele kikicheza unapokigusa kwa kidole, jibu unaweza kuwa nalo kabla ya kupiga hata risasi moja. Bastola mpya kulegea skrubu ya kilengeo cha mbele si jambo la ajabu.

Hapa kuna jambo linaloonekana kama kasoro ilhali ni mpango wa mtengenezaji. Kuna bastola zilizopangwa risasi ipige juu kidogo ya ncha ya kilengeo cha mbele, nyingine zipige pale penye ncha, na nyingine zipige chini yake kidogo, nyuma ya nukta nyeupe iliyo kwenye kilengeo hicho, ili nukta yenyewe iifunike shabaha. Wapiga shabaha wa mashindano ya mita 25 hutumia karatasi yenye duara jeusi la milimita 200, na wengi wao hulenga ukingo wa chini au chini zaidi ya hapo, kwa sababu kijiti cheusi cha kilengeo cha mbele hakionekani vizuri juu ya duara jeusi. Bastola iliyopangwa kupiga milimita 100 juu ya ncha kwa umbali huo ni sahihi kabisa kwa mtu wa ukingo, na humtoa jasho anayelenga katikati. Kwa hiyo, kabla ya kusema inapiga chini au juu, tafuta kwenye kitabu chake ni picha ipi ya vilengeo iliyokusudiwa.

*Kiasi cha badiliko.* Kwa upande, hesabu ni nyepesi: zidisha umbali wa kosa kwa urefu kati ya vilengeo, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Kundi likiwa milimita 60 kushoto kwenye mita 10, ni 60 mara 153 gawanya kwa 10,000, yaani karibu milimita 0.9. Kilengeo cha nyuma husogezwa kuelekea kule unakotaka risasi ziende, hivyo hapa kitasogea kulia kwa milimita 0.9. Cha mbele husogezwa kinyume, kuelekea kule risasi zinakokwenda kwa makosa. Watu hukariri nusu ya kanuni hii na kusahau nusu nyingine, na matokeo yake ni kosa kuongezeka maradufu.

Kwa wima, Glock hutengeneza vilengeo vya nyuma vya urefu wa milimita 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, na cha 6.5 ndicho cha kawaida. Kila hatua ya milimita 0.4 husogeza risasi kwa milimita 26 hivi kwenye mita 10, au 65 kwenye mita 25. Kilengeo kirefu cha nyuma hupandisha risasi. Kirefu cha mbele huishusha.

Kwa vilengeo vya nukta nyekundu, yaani vya kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga, mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa husogezwa kwa skrubu yenye mibofyo, na vingi husogeza risasi kwa milimita 3 hivi kwa kila mbofyo kwenye mita 10. Ila kagua kwanza skrubu zinazokishikilia kwenye slaidi. Nukta inayohama kila baada ya magazini moja inahitaji skrubu zake zikazwe kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, mibofyo haitaisaidia.

*Gharama.* Kilengeo cha nyuma cha aina hii huingia kwa kubana sana ndani ya mfereji uliokatwa kwenye slaidi. Kifaa sahihi ni kisukumizi maalumu chenye skrubu, ambacho fundi wa silaha anacho na wewe huenda huna. Nyundo na kijiti cha shaba au nailoni, slaidi ikiwa imeshikwa kwenye jiliwa lenye mashavu laini, navyo hufanya kazi mikononi mwa anayejua. Mikononi mwa asiyejua huacha makovu na kilengeo kilichosogea milimita mbili badala ya moja. Weka alama ya penseli kabla ya kuanza.

*Kurudi nyuma.* Kusogeza kunatenguliwa. Kubadilisha kipande kunatenguliwa, ukihifadhi cha zamani. Kukipunguza kilengeo cha mbele kwa tupa hakutenguliwi, na kwa kuwa kukifupisha hupandisha risasi, mtu anayepiga chini kwa sababu ya mkono wake huvutiwa sana na tupa. Miezi mitatu baadaye mkono ukishatulia, bastola inapiga juu, na hana tena pa kurudi ila kununua kilengeo kipya.

*Anayefaa.* Mpigaji mwenye makundi madogo yasiyobadilika ambaye ameshachagua aina moja ya risasi atakayobaki nayo. Anafaa pia mtu wa mashindano, kama wale wanaoonekana kwenye uwanja wa Kirigiti huko Kiambu, ambaye sentimita tatu zina uzito kwake. Kwa mtu ambaye umbali wake ni mita 5 hadi 7 na makundi yake yana upana wa kiganja, kusogeza kilengeo kwa milimita 0.3 ni kazi isiyo na faida anayoweza kuiona.

Njia ya nne: kuirudisha kwa muuzaji

*Ushahidi.* Kuna dalili ambazo hazihitaji mjadala. Matundu yenye umbo la mviringo uliorefuka, kana kwamba risasi imepita kwa ubavu, yanaonyesha kwamba haizungushwi vizuri na mtutu; acha kupiga. Ukingo wa mdomo wa mtutu ukiwa na kovu, mtutu ukicheza slaidi ikiwa imefungwa, au makundi yakitawanyika kwa wapigaji wote wazuri na kwa aina zaidi ya moja ya risasi, chombo kina kasoro. Ningeongeza na hili: kama hesabu inadai kilengeo cha nyuma kisogezwe kupita milimita moja na nusu hivi, na kitaonekana waziwazi kimeegemea ukingoni, usikubali kuishi na bastola ya namna hiyo wakati bado iko ndani ya dhamana.

*Kiasi cha badiliko.* Lolote, kwa kuwa mtutu, slaidi au bastola nzima inaweza kubadilishwa.

*Gharama.* Fedha huenda zisitoke, lakini muda utatoka. Silaha inayobadilishwa ina namba nyingine, na namba nyingine ni karatasi nyingine za leseni. Ikibidi kipande kiagizwe nje ya nchi, jiandae kukaa bila bastola kwa muda usioujua. Ichukuliwe na muuzaji mwenye leseni, nawe upewe maandishi ya makabidhiano. Usiipeleke kwa fundi wa jua kali anayechomelea mageti, hata akiwa hodari kiasi gani: sheria ya Kenya humhesabu anayekarabati silaha kibiashara kuwa miongoni mwa wafanyabiashara wanaopaswa kusajiliwa, na matatizo hayatakuwa yake peke yake.

*Kurudi nyuma.* Njia hii inategemea wewe kutokuwa umetangulia njia ya tatu kwa pupa. Kilengeo kilichopigwa tupa au slaidi yenye makovu ya nyundo humpa muuzaji sababu ya kukataa dhamana, na hawezi kulaumiwa sana.

*Anayefaa.* Mwenye dalili nilizozitaja, na mtu ambaye amefanya jaribio la mwanzo kikamilifu. Aliyekwenda dukani na simulizi tu atarudishiwa bastola yake pamoja na kauli kwamba fundi amejaribu akapiga katikati, na mara nyingi kauli hiyo huwa ya kweli.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama hii ndiyo bastola yako ya kwanza na matundu yako chini kushoto, anza na mkono, usiguse kilengeo wala kununua risasi nyingine hadi mtu mwenye uzoefu apige kwa bastola hiyohiyo. Badilisha mgongo wa mpini siku ya kwanza ikiwa kidole hakifiki vizuri.

Kama risasi unazoruhusiwa kuwa nazo ni chache, tumia 15 kwa jaribio, mpe mwenzako 5, na mazoezi mengine yafanyike bila risasi nyumbani. Mpangilio huu unakupa jibu bila kumaliza akiba.

Kama wewe na mwenzako mmepiga kundi dogo upande mmoja, kushoto au kulia, vilengeo ndivyo vya kushughulikiwa, kwa hesabu na kwa kifaa sahihi. Ikiwa bastola haijamaliza dhamana, mwachie fundi wa muuzaji aisogeze yeye, ili kovu lolote liwe la kwake.

Kama kundi liko juu au chini tu, soma kitabu kuhusu picha ya vilengeo, kisha jaribu uzito mwingine wa risasi kama unapatikana, na kilengeo cha urefu tofauti kiwe cha mwisho. Mwenye rivolva aanze na risasi moja kwa moja.

Kama bastola ni ya kujilinda na kosa lake ni sentimita mbili au tatu kwenye mita 10, unaweza kuiacha kama ilivyo na kutumia fedha zako kwa mwalimu. Mtu wa mashindano mwenye kosa hilohilo ana haki ya kwenda kwa fundi kesho yake. Wawili hao wakibadilishana ushauri, kila mmoja atakuwa amempotosha mwenzake bila kusema uongo.

Kama unatumia mkono wa kushoto na umenunua bastola iliyokuwa ya kuonyeshwa dukani, kagua kilengeo cha nyuma kabla ya yote, kwani huenda kuna mtu wa mkono wa kulia aliyekisogeza kufidia kidole chake. Na kama matundu yanaonekana yamepita kwa ubavu, funga magazini zako, chukua karatasi, na uende kwa muuzaji siku hiyohiyo.